Kona Nne za Leso: Uchambuzi wa Mradi Mmoja wa Sanaa katika Gredi ya 8

Kisa hiki kinatoka katika shule moja ya umma kaunti ya Kilifi, darasa la Gredi ya 8, somo la Sanaa Bunifu na Michezo. Mradi ulikuwa kubuni na kuchapa leso (kanga) kwa mihuri. Kulikuwa na vikundi tisa. Kikundi kimoja kilileta muhuri uliochongwa na fundi wa milango, na leso yao ikatoka safi kuliko zote. Mwalimu alipofika kwenye kuweka alama alikwama, akaniomba nikae naye tuzitazame nguo zote upya pamoja na madaftari ya michoro. Nimefundisha sanaa kwa muda mrefu na swali lake, kwamba kazi iliyosaidiwa na mtu wa nje ipewe alama gani, nimelisikia kwa walimu wengi wa sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) tangu wanafunzi wa kwanza waingie Gredi ya 7 mnamo Januari 2023. Naueleza mradi wote, kwa idhini yake, bila kutaja shule wala mtu.

Mwalimu mwenyewe alisomea Kiswahili na Historia. Sanaa aliikuta mezani. Mwaka 2024 masomo ya sekondari msingi yalipunguzwa kutoka 14 hadi 9, na sanaa ya kuchora, sanaa za maonyesho na michezo zikatiwa katika somo moja lenye vipindi vitano kwa wiki, kila kipindi dakika 40. Humo mna mpira, mna ngoma, mna kuchora. Shule haina chumba cha sanaa. Madarasa ya sekondari msingi yamo ndani ya uwanja wa shule ya msingi, kama ilivyo karibu kote nchini, na maji ya kuoshea vyombo vya rangi yanatoka kwenye tangi moja ambalo wote wanalitegemea.

Nayataja haya kwa sababu yalikuwa na nguvu katika kuuchagua mradi. Mwalimu hakutaka kazi itakayomlazimu mzazi kwenda mjini kununua vifaa. Wazazi wa shule ile walikuwa wamechoka kutumiwa ujumbe wa usiku: kesho mtoto aje na manila, aje na gundi, aje na rangi. Akatafuta kitu ambacho kila nyumba inacho. Leso ipo kila nyumba. Na champali mbovu, yaani kandambili, zipo kila nyumba, na zisipokuwepo nyumbani zipo ufukoni, zimetupwa na bahari.

Champali ndiyo siri ya mradi huu. Soli yake ni laini kiasi cha kukatika kwa kisu cha karatasi, lakini ni ngumu kiasi cha kushika mstari. Ukiikandamiza kwa ncha ya kalamu ya wino inabaki na alama, kwa hiyo mtoto anaweza kuchora mishipa ya jani bila kugusa wembe. Visu vilikaa kwa mwalimu; vilihesabiwa vikitoka na vikahesabiwa vikirudi, na kikundi kilipewa kisu kimoja tu kwa wakati mmoja. Vipande vya soli vilivyokatwa viligandishwa juu ya vipande vya mbao alivyoviomba kwa seremala jirani, muhuri ukawa na mgongo wa kushikia.

Kitambaa kilikuwa pamba nyeupe ya bei ya chini, kilichofuliwa kwanza ili wanga wa kiwandani utoke. Asiyekifua atashangaa kuona rangi imekaa juu ya nguo na kubanduka. Meza zilitandikwa blanketi lililokunjwa na juu yake nailoni, maana muhuri ukichapwa juu ya ubao mkavu hushika pembeni tu na katikati huacha mapengo. Rangi haikuchovywa. Ilipakwa kwenye kipande cha sponji ya godoro ndani ya sahani, na muhuri ukagusishwa pale. Ukiuchovya muhuri moja kwa moja kwenye rangi, mistari yote uliyohangaika kuikata hujaa na picha hutoka doa. Mwalimu huyu alijifunza haya kwa kujaribu jikoni kwake kabla ya kuyapeleka darasani, na kwa maoni yangu jaribio lile la jikoni lilifaa kuliko mafunzo mengi ya siku moja ambayo walimu hupewa.

Kila kikundi kilipewa kitambaa cha sentimita 75 kwa 55. Leso ya kawaida ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa zaidi kidogo ya mita moja, kwa hiyo yao ilikuwa kama nusu yake kila upande na sura ya leso haikupotea. Sharti lilikuwa kwamba iwe na pindo kuzunguka pande zote, iwe na mji, yaani eneo la katikati lenye pambo lake, na iwe na jina, yaani maneno yanayochapwa juu yake.

Jina

Hapa mwalimu wa Kiswahili alikuwa nyumbani. Aliwaambia wanafunzi walete leso za mama na bibi zao, wasome majina, waulize yalikusudiwa kwa nani. Wakarudi na hadithi ambazo hakuzitarajia: leso iliyonunuliwa ili jirani aisome ikiwa kwenye kamba, leso iliyotolewa na mume baada ya ugomvi, leso ya arusi ambayo haijawahi kuvaliwa hata mara moja. Baada ya hapo akakataza kunakili. Kila kikundi kitunge jina lake.

Kikundi kimoja kikatunga KISIMA HAKIPIGI KELELE, na darasa zima likajua kisima ni msichana gani mkimya. Mwalimu alifikiri kidogo akalipitisha, kwa kuwa fumbo lile lilimsifu mtu pasipo kumwumiza mwingine. Jingine lililomlenga mwenzao kwa ubaya alilirudisha, akawaeleza kwamba leso hukaa miaka na anayesemwa ataendelea kuisoma. Naliunga mkono kabisa. Mtoto wa miaka 13 au 14 anaijua nguvu ya maneno. Kitu anachohitaji ni mtu mzima wa kumwonyesha mpaka uko wapi.

Kisha yakaja maneno kugeuka. Takriban kila kikundi kilichonga herufi kama zinavyosomeka, na majaribio juu ya gazeti yakatoa S na N zilizotazama nyuma. Kikundi kimoja kilidhani kimeponea: neno lao lilikuwa MAMA, na M na A zina pande mbili zinazofanana, haziharibiki zikigeuzwa. Walilichonga neno zima kwenye muhuri mmoja. Likatoka AMAM. Walibishana juu ya kipande kile cha gazeti mpaka kengele ikalia, kisha mmoja wao akasema kinachogeuka si herufi peke yake, ni mpangilio wote, na akashauri kila herufi iwe na muhuri wake ili waipange wenyewe kwenye nguo. Hakuna karatasi ya mazoezi ingewafikisha pale kwa haraka hiyo.

Muhuri wa fundi

Katika kipindi cha kuchonga mihuri ya pindo, kikundi kimoja kikaja na kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya kaki. Kilipofunguliwa darasa likanyamaza. Ulikuwa ubao wa mraba, sentimita 10 kila upande, uliochongwa mzabibu unaotambaa na majani yake, kwa kina kilicholingana kila mahali. Babake mmoja wa watoto alikuwa amempelekea rafiki yake, fundi wa kuchonga milango, mchoro wa mwanawe. Fundi akaunyoosha mchoro, akauchonga.

Mwalimu hakuukataa. Alisema kwa wakati ule hakuwa na sababu ya kuukataa, kwa kuwa maelekezo yake hayakusema nani achonge. Aliwaambia waendelee, lakini wafanye kama wengine: wapime nguo, wachore pindo lote kwenye daftari, wajaribu kwenye gazeti kabla ya kugusa kitambaa.

Hapo ndipo mradi ulipoanza kuwa na maana, na ninaomba msomaji avumilie hesabu.

Kitambaa kina sentimita 75 kwa 55. Pindo lina upana wa sentimita 10. Kila kona inachukua mraba wa 10 kwa 10, kwa hiyo upande mrefu unabaki na sentimita 55 kati ya kona na kona, na upande mfupi unabaki na 35. Muhuri una urefu wa sentimita 10. Mara tano ni 50, zinabaki 5. Mara tatu ni 30, zinabaki 5 tena. Kila upande, nusu ya muhuri inakosa mahali. Vikundi vingine havikuwa na shida hii kwa sababu mihuri yao ilikuwa midogo, soli ya champali hairuhusu kipande kipana sana, na wengi walikata vipande vya sentimita 5 ambavyo viliingia sawasawa, 11 kwa upande mrefu na 7 kwa upande mfupi, bila wao kujua kwa nini.

Kikundi cha muhuri wa fundi kilijaribu kusogeza chapa mbalimbali ili zijaze nafasi. Mzabibu ukakatika, ukawa vipande vya mti vilivyotawanyika. Wakajaribu kupandisha chapa moja juu ya nyingine, ikatoka fujo. Mmoja akapendekeza wampigie fundi simu achonge mwingine mdogo. Mwalimu akawaambia muda wa kuchonga nyumbani umepita.

Msichana mmoja wa kikundi kile, ambaye hesabu si somo analolipenda, akachukua rula akauliza: nani alisema pindo lazima lianzie ukingoni? Wakilisogeza ndani kwa sentimita mbili na nusu kila upande, nguo ya kuchapia inakuwa 70 kwa 50. Ukitoa kona, unabaki na 50 na 30. Tano na tatu. Mwambao mwembamba mweupe unabaki nje, kama fremu. Daftari lake lina ukurasa ule, umefutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi imetoboka, na chini ameandika kwa herufi kubwa INAINGIA.

Halafu kona yenyewe. Mzabibu wa fundi ulikuwa wa kwenda mbele tu. Unaingia kushoto, unatoka kulia. Hapakuwa na muhuri wa kugeuza njia, kwa kuwa mtoto aliyechora hakuifikiria kona na fundi alichonga alichopewa. Ilibidi wachonge muhuri wa kona wenyewe, kwa champali mbili zilizounganishwa. Shina la fundi halikupita katikati ya ubao. Lilipita sentimita 4 kutoka ukingo wa ndani. Kwa hiyo shina la kona lilipaswa kupokea pale pale, likunje, litoke upande wa pili kwa umbali ule ule. Walipogundua kwamba mzabibu ukizunguka nguo yote kwa mwelekeo mmoja muhuri mmoja wa kona unatosha pembe zote nne, unazungushwa tu robo kila mara, walipiga makofi. Kikundi cha jirani kilikuwa kimepanga mapambo yao yatazamane kutoka katikati ya kila upande, na kwao muhuri wa kona ulilazimika kuwa na pande mbili zinazofanana. Vikundi hivi viwili viliketi pamoja kipindi kizima kueleza tofauti hiyo. Mwalimu alikaa nyuma, akiandika.

Nimefundisha mapambo ya ukingoni kwa namna nyingi, kwa ubao, kwa vigae vya karatasi, kwa picha za misikiti na milango ya Lamu. Sijapata kuona mahali ambapo mwanafunzi anaacha kujaza nafasi na kuanza kubuni kwa uwazi kama kwenye kona. Upande ulionyooka unaweza kuuchapa ukiwa unawaza chakula cha mchana.

Mzazi

Nguo zilipokamilika, zikakauka, zikapigwa pasi ya makaa kwa nyuma ili rangi ishike, wazazi walialikwa. Baba aliyeleta muhuri aliitazama leso ya kikundi cha mwanawe na uso wake ukabadilika. Pembe nne zilikuwa na majani manene, ya champali, karibu na mzabibu mwembamba wa fundi. Mshono ulionekana.

"Mwalimu, kazi ilikuwa nzuri, sasa pembeni imeharibika," alisema. "Mngeniambia, fundi angeimaliza."

Mwalimu akamjibu kwa adabu kwamba pembe zile ndizo za watoto. Baba hakukubali, na alikuwa na hoja ambayo sikuitarajia. Kati ya leso za bibi zilizoletwa darasani kulikuwa na moja yenye chapa ya K.H.E., Mali ya Abdulla, chapa ya duka la Mombasa la Kaderdina Hajee Essak lililoanzishwa 1887. Akaionyesha. "Huyu naye hakuchonga wala hakuchapa. Aliagiza, watu wengine wakafanya, na leso ikawa yake. Mbona mtoto wangu anaulizwa?"

Hoja ile inastahili jibu la kweli. Ni sahihi kwamba biashara ya leso ilijengwa na wenye maduka walioagiza nguo zichapwe ng'ambo. Lakini mwenye duka alijua nini kinauzika, alichagua rangi na mapambo, alichagua jina, na hasara ikitokea ilikuwa yake. Kuagiza nako ni kazi yenye maamuzi. Swali la darasani basi linakuwa: mtoto aliamua nini? Kwenye ubao ule, uamuzi mkubwa ulikuwa wa fundi. Kwenye ukingo mweupe na kwenye kona, uamuzi ulikuwa wa kikundi.

Baba pia alisema pwani watoto wamejifunza ufundi kwa kukaa karibu na fundi, na shule haipaswi kumfukuza fundi. Hapo nakubaliana naye bila masharti. Kasoro ni kwamba mtoto hakukaa karibu na fundi. Karatasi ndiyo iliyokwenda, ubao ukarudi. Mwalimu alimwomba baba amlete fundi shuleni, na mzee alikuja. Watoto wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaomba aone kona. Aliishika leso kwa muda, akawaambia kwamba na yeye akichora pambo la kuzunguka fremu huanza na pembe, kisha ndipo anajua katikati paingie nini. Baba alikuwa amesimama mlangoni akisikia.

Alama

Vigezo alivyokuwa ameandika mwalimu mwanzoni vilikuwa na mafungu matatu: mpangilio wa leso, unadhifu wa uchapaji, na jina. Ngazi za alama ni nne: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na kuwa mbali na matarajio. Kwa vigezo hivyo kikundi cha muhuri wa fundi kingepata kuzidisha matarajio katika unadhifu, na wale wa AMAM wangepata kukaribia matarajio, ingawa walichojifunza wale wa AMAM kilikuwa kikubwa. Vigezo viliitazama nguo peke yake.

Mwalimu alikuwa na njia mbili akilini. Moja, kuiondoa kabisa leso ya muhuri wa fundi. Ya pili, kuipa alama kama ilivyo na kunyamaza. Zote mbili nilizikataa. Kuiondoa kungeadhibu hesabu bora kuliko zote darasani, na kungemwadhibu msichana wa INAINGIA kwa jambo lililofanywa na baba wa mwenzake. Kunyamaza kungewafundisha vikundi vingine vinane kwamba mwaka ujao wapeleke karatasi kwa fundi.

Tulikubaliana atathmini kutoka sehemu mbili: daftari la michoro pamoja na majaribio ya gazeti, kisha nguo. Na kila mwanafunzi asimame mbele ya nguo ya kikundi chake aeleze uamuzi mmoja alioshiriki, kwa nini ulifanywa, na kingefanyika nini kama wangeamua vingine. Dakika moja au mbili kwa kila mtoto. Ilichukua vipindi, na darasa la zaidi ya wanafunzi hamsini lilichoka, lakini hapo ndipo ilijulikana nani alifanya kazi na nani alibeba sahani ya rangi. Mvulana aliyeleta ubao wa fundi alieleza vizuri sana. Alisema alichora mzabibu kwa sababu upo nyumbani kwao mlangoni, na kwamba hakujua mzabibu hauwezi kugeuka wenyewe.

Kwenye uchongaji tulitofautiana. Mwalimu aliona kikundi kile hakina cha kutathminiwa, kwa hiyo kiwe mbali na matarajio. Mimi niliona muhuri wa kona uchukuliwe kuwa ndio uchongaji wao, uhukumiwe kwa ubora wake na si kwa kulinganishwa na ubao ulio kando yake. Ulikuwa mzito, lakini shina lilipokea sentimita 4 kamili kila upande, na kwa champali hilo si rahisi. Alinisikiliza, akawaandikia kukaribia matarajio. Mimi ningeandika kufikia. Darasa ni lake na alama ni zake.

Kuna mengine ambayo sikuyapenda. Muda wa kuchapa ulikuwa finyu mno, vikundi viwili vilimaliza mji kwa haraka na unaonekana. Mradi kama huu unahitaji vipindi viwili viunganishwe siku ya kuchapa, na mwalimu wa michezo akiombwa mapema atakubali kubadilishana. Rangi ya pili iliongezwa kabla ya ya kwanza kukauka. Nguo zilianikwa kwenye njia ya watoto wa madarasa ya chini na mikono midogo ikaacha alama. Haya yanarekebishika.

Kwa Gredi ya 8 inayofuata, mwalimu ameyabadilisha maelekezo. Kona inachorwa kwanza, kabla ya upande wowote, na haipewi kisu kikundi ambacho hakijaonyesha kona kwenye daftari. Muhuri usizidi sentimita 5. Msaada wa fundi, mama, bibi au kaka unaruhusiwa, na unaandikwa kwenye daftari: nani, alisaidia nini, wewe ulikuwa unafanya nini wakati huo. Fundi wa milango amekubali kuja tena, safari hii siku ya kuchora, na ameomba watoto waje na penseli zilizochongwa vizuri.